Matone ya Kuzuia Kuhara, na Hesabu Iliyofuata Nyuma Yake

Tangu mwaka 2013 watoto wachanga wa Tanzania wamekuwa wakipewa kliniki matone ya kinywani ya kuwakinga na ugonjwa wa kuhara uletwao na kirusi cha rota. Huku Kilimanjaro, tokea Rombo hata Siha, akina mama wayajua matone hayo, kwa kuwa yalitolewa pamoja na chanjo nyingine za wiki za kwanza, na mtoto huyameza pasipo kuchomwa sindano.

Lakini ni wachache waliopata kuelezwa jambo lililofuata nyuma ya matone hayo, yaani ya kuwa walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kungoja na kuhesabu, ili ijulikane kama dawa ile imewadhuru watoto au haikuwadhuru. Habari ya hesabu hiyo ndiyo tutakayoieleza hapa, maana ndani yake limo jambo limpasalo kila mzazi, kila mwalimu na kila kiongozi wa kijiji: bila ya karatasi ndogo zilizotunzwa na akina mama majumbani, na madaftari ya kliniki zao, hesabu yote isingaliwezekana.

UGONJWA WENYEWE

Kirusi cha rota kiligunduliwa na Ruth Bishop na wenzake katika mji wa Melbourne, Australia, mwaka 1973, walipotazama kwa darubini yenye nguvu nyingi vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wakihara. Kikapewa jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa sababu ya umbo lake la mviringo.

Kirusi hiki hakibagui nyumba. Ni kweli ya kwamba maji machafu huleta maradhi mengi ya tumbo, na mtu anywaye maji ya mfereji pasipo kuyachemsha ajitia hatarini. Lakini rota hupita hata penye bomba na sabuni, kwa kuwa huenda kwa mikono, na kwa vyombo, na kwa kila kitu ambacho mtoto hukitia kinywani. Watoto wa matajiri wa Ulaya na Marekani walikipata sawasawa na watoto wa maskini. Tofauti yao ilikuwa katika mwisho wake: yule alifikishwa hospitali mapema akatiwa maji mwilini, na huyu alikaukiwa na maji angali njiani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2008 peke yake watoto takriban 453,000 wenye umri chini ya miaka 5 walikufa ulimwenguni kwa ajili ya kirusi hiki, na walio wengi walikuwa wa Afrika na Asia.

Tena, tukumbuke jambo moja lililotokea katika nchi yetu. Wako wazazi waliodhani kuhara na homa ya mtoto mchanga huletwa na kile walichokiita meno ya nailoni, wakawapeleka watoto wao kung'olewa vijimeno vilivyokuwa bado ndani ya ufizi. Waganga wa meno wa Tanzania waliandika habari zake tangu miaka ya 1980. Mtoto aliyekwisha kudhoofika kwa kuhara alizidishiwa jeraha na kutokwa na damu. Hatulitaji jambo hili kwa kumcheka mtu. Mzazi amwonapo mtoto wake anafifia hutafuta sababu, na ile iliyo karibu na macho yake ndiyo aishikayo. Basi yafaa kuukumbuka udhaifu huo wa moyo wa binadamu, kwa maana tutakutana nao tena hapa chini.

HOFU ILIKOTOKA

Matone ya kwanza kabisa ya kuzuia rota yaliruhusiwa nchini Marekani mwezi wa Agosti mwaka 1998, nayo yaliitwa RotaShield. Kabla ya kuruhusiwa yalikuwa yamejaribiwa kwa watoto wapatao 10,000, na hapakuonekana jambo la kutosha kuyazuia. Mwaka uliofuata matone yalipokwisha kuenea kwa watoto wengi mno, waganga wakaanza kupeleka taarifa za watoto walioshikwa na ugonjwa wa utumbo siku chache baada ya kuyameza. Kufikia mwezi wa Julai mwaka 1999 taarifa hizo zilikuwa 15 tu. Lakini 15 hizo zilitosha kuwashtua wenye kuangalia, wakaamuru matone yasimamishwe kwanza ili jambo lichunguzwe. Uchunguzi ulipokwisha ilionekana ya kuwa hofu ilikuwa ya kweli: karibu mtoto 1 katika kila watoto 10,000 waliopewa matone alipatwa na ugonjwa ule kwa sababu yake. Mwezi wa Oktoba mwaka 1999 dawa hiyo ikaondolewa.

Mtu ataweza kuuliza, Kwa nini haikujulikana mapema? Jawabu ni jepesi. Jambo limpatalo mtoto 1 katika 10,000 haliwezi kuonekana wazi katika watoto 10,000. Ni sawa na mtu atafutaye kokoto moja ndani ya magunia: akipekua gunia moja tu, huenda asiione, na huenda akaiona moja akasema ni bahati tu. Kwa hiyo hata dawa iliyojaribiwa vizuri yataka kuangaliwa tena baada ya kutolewa kwa watu wengi. Kuangaliwa huko si dalili ya kuwa dawa ni mbaya, wala ya kuwa wakubwa wanaficha neno. Ni sehemu ya pili ya kazi ile ile.

Yalipotengenezwa matone mengine mapya, yaliyoitwa Rotarix na RotaTeq, kila moja lilijaribiwa kwanza kwa watoto zaidi ya 60,000, na hatari ile haikuonekana. Habari za majaribio hayo zilitangazwa mwaka 2006. Hata hivyo waangalizi hawakulala. Baadaye, katika nchi kama Mexico, Brazil, Australia na Marekani, hesabu kubwa zaidi zilionyesha hatari iliyo ndogo sana, kama ya mtoto 1 hata 6 katika kila watoto 100,000 waliopewa. Nchi hizo zilipima faida na hasara katika mizani, zikaona ya kuwa watoto waliookolewa na kuhara ni wengi kupita kiasi kuliko waliopatwa na dhara, zikaendelea na matone.

JINSI UTUMBO UNAVYOINGIA NDANI YA UTUMBO

Ugonjwa wenyewe uliohofiwa ni huu. Kipande cha utumbo huteleza na kuingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa kanzu uingiavyo ndani yake wakati wa kuvuliwa. Hapo njia ya chakula huziba, mishipa ya damu hubanwa, na utumbo ulioingia huvimba. Usipotolewa mapema, hufa na kuoza, na mtoto hufa pamoja nao.

Ugonjwa huu ulikuwako tangu zamani, kabla ya kuwako matone yo yote. Huwapata zaidi watoto walio kati ya miezi 4 na miezi 8, na mara nyingi sababu yake haijulikani. Wataalamu hudhani ya kuwa matone, kwa kuwa yana kirusi hai kilichodhoofishwa, huweza kuvimbisha tezi zilizo katika ukuta wa utumbo, na uvimbe huo ukavutwa na mwendo wa utumbo.

Mtoto akifikishwa hospitali mapema, waganga huweza kuurudisha utumbo mahali pake kwa kusukuma hewa au maji kutoka nyuma pasipo kumpasua, ikiwa vyombo vya kazi hiyo viko. Akichelewa, hapana budi apasuliwe. Katika Afrika watoto wengi wamefikishwa wakiwa wamekwisha kuchelewa, na kwa hiyo waliopasuliwa ni wengi, na waliokufa ni wengi kuliko katika nchi za matajiri. Kwa sababu hiyo watu walikuwa na haki kuogopa: hatari iliyo ndogo huko Australia ingaliweza kuwa kubwa kwa mtoto wa Kibosho au wa Mwika, ambaye hospitali yenye daktari wa kupasua iko mbali, na njia ya mlimani wakati wa masika ni utelezi mtupu.

"BAADA YA" NA "KWA SABABU YA"

Hapa ndipo penye shida. Matone ya rota yalipoanza kutolewa Tanzania yalipangwa mtoto ayapate mara 2, katika wiki ya 6 na wiki ya 10 baada ya kuzaliwa. Basi karibu kila mtoto aliyeugua katika mwezi wa pili au wa tatu au wa nne aliugua baada ya matone. Aliyeshikwa na kifua, aliugua baada ya matone. Aliyeshikwa na homa, kadhalika. Hata aliyeota jino aliliota baada ya matone. Kama mtu akisema kila lililofuata limeletwa na lililotangulia, atasema pia ya kuwa jogoo akiwika ndiye aletaye asubuhi.

Wahenga walisema, Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Katika mambo ya ugonjwa neno hili lataka uangalifu. Lisemwalo laweza kuwa lipo, nasi tumekwisha kuona ya kuwa mwaka 1999 lilikuwapo. Tena laweza kuwa halipo kabisa. Kelele za sokoni hazina uwezo wa kupambanua, wala makaripio ya mkubwa amwambiaye mama anyamaze. Kipambanuacho ni hesabu, na hesabu nzuri hutaka tarehe.

HESABU YA NCHI 7

Kati ya mwaka 2012 na 2016 nchi 7 za Afrika, yaani Ethiopia, Ghana, Kenya, Malawi, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, zilishirikiana kuhesabu. Katika hospitali zilizochaguliwa, kila mtoto mchanga aliyeletwa na ugonjwa ule wa utumbo aliandikwa: tarehe aliyozaliwa, tarehe aliyoanza kuugua, na tarehe alizopewa matone ya Rotarix. Watoto 717 ambao habari za chanjo zao zilithibitika ndio waliotiwa katika hesabu, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2018.

Njia waliyoitumia ni ya akili, nayo yaeleweka hata kwa mtu asiyesoma hesabu za juu. Hawakumlinganisha mtoto aliyepewa matone na mwenziwe asiyepewa, kwa sababu watoto wawili hutofautiana katika mambo mengi: huyu ni wa mjini na huyu wa mlimani, huyu mama yake ana fedha na huyu hana. Walimlinganisha kila mtoto na nafsi yake. Walichukua siku za maisha yake tangu alipofika umri wa siku 28 hata siku 245, wakazigawa mafungu: siku 7 zilizofuata matone, siku za 8 hata 21, na siku nyingine zote. Kisha wakauliza, Je, ugonjwa umeangukia siku zipi? Kama matone ndiyo yenye kosa, tarehe za kuugua zingalisongamana katika siku zile za kwanza, kama nyuki wanavyosongamana mlangoni pa mzinga. Kama matone hayana kosa, tarehe zingalitawanyika kwa kufuata umri wa watoto, kama zilivyokuwa zikitawanyika tangu zamani.

Na haya ndiyo waliyoyaona. Katika siku 7 baada ya matone ya kwanza aliugua mtoto 1. Katika siku za 8 hata 21 waliugua 6. Katika siku 7 baada ya matone ya pili waliugua 5, na katika siku za 8 hata 21 waliugua 16. Waliosalia wote, katika wale 717, tarehe zao ziliangukia siku nyingine.

Msomaji mwenye macho makali atasema, Mbona waliougua baada ya matone ya pili ni wengi kuliko baada ya matone ya kwanza? Ni swali zuri. Sababu yake ni umri. Ugonjwa huu huongezeka kwa watoto wote kadiri wakaribiavyo miezi ya 4 na ya 5, wawe wamepewa matone au hawakupewa, na matone ya pili huja mtoto akikaribia umri huo. Umri ulipokwisha kuingizwa katika hesabu, siku zilizofuata matone, ya kwanza na ya pili, hazikuonekana kuwa na hatari zaidi kuliko siku nyingine. Msongamano uliohofiwa haukuwako.

Kwa nini Afrika ilionekana tofauti na Australia? Wataalamu wametaja mambo kadha wa kadha: matone hutolewa huku mapema zaidi, wakati ugonjwa ule ungali ni nadra, tena hutolewa pamoja na matone ya polio, nayo hupunguza nguvu ya kirusi cha chanjo ndani ya utumbo.

Lakini haifai kuipa hesabu hii uzito kuliko iliyo nao. Kwanza, iliwahesabu watoto waliofika hospitali; aliyefia nyumbani au njiani hakuandikwa na mtu. Pili, yahusu dawa ile moja tu iliyotumiwa wakati ule. Kila dawa mpya, ijapokuwa jina lake lafanana, yataka hesabu yake yenyewe.

FAIDA ILIYOTOKANA NA HESABU

Wengine watasema, Kazi nyingi hivi kwa ajili ya kuambiwa hakuna neno! Sivyo. Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani liliposhauri matone yatolewe katika nchi zote, liliweka mpaka wa umri kwa sababu ya hofu ile: mtoto aliyepita wiki 15 pasipo kuanza, asianzishwe. Katika nchi zilizoendelea mpaka huo haukuwa na taabu. Lakini vijijini, ambako mama huweza kuchelewa kwa ajili ya ugonjwa au kazi za shamba au umbali wa zahanati, mpaka huo uliwanyima kinga watoto wale wale walioihitaji zaidi. Ilipokwisha kupimwa ni wangapi wangaliokolewa na wangapi wangaliumizwa, shirika hilo lilibadili shauri lake mwaka 2013, likasema watoto waliochelewa wasikataliwe, ijapokuwa kupewa mapema ndiko kuzuri. Hivyo hesabu ya usalama haikutumika kuzuia dawa tu. Imetumika pia kuufungua mlango uliokuwa umefungwa.

Na katika hospitali za Tanzania zilizochunguza ugonjwa wa kuhara, fungu la watoto waliolazwa kwa ajili ya rota lilipungua baada ya matone kuanza kutolewa. Ugonjwa haukwisha, na maji ya chumvi na sukari yafaayo kwa kuhara, pamoja na vidonge vya zinki, havijapoteza kazi yake. Lakini ulipungua.

KOSA LISILO LA DAWA

Wako watu wadhanio ya kuwa dhara likitokea baada ya chanjo, basi sharti dawa yenyewe ndiyo yenye lawama. Sivyo sikuzote. Wachunguzi huligawa jambo katika mafungu 5: huenda dawa kwa asili yake imemdhuru mtoto, huenda imeharibika kiwandani, huenda aliyeitoa amekosea, huenda ni hofu na wasiwasi wa mwenye kuchanjwa, na huenda ni ugonjwa mwingine uliosadifu wakati ule.

Habari ya majirani zetu wa Sudan Kusini yatufundisha juu ya fungu lile la tatu. Mwezi wa Mei mwaka 2017, katika sehemu za Kapoeta, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Uchunguzi ulipofanywa ilijulikana ya kuwa chanjo ya surua haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mikono iliyoitoa: bomba moja la kuchanganyia dawa lilitumiwa kwa muda wa siku 4, dawa haikuwekwa katika baridi, na waliochanja hawakuwa na ujuzi, hata watoto wa miaka 12 walitumiwa katika kazi hiyo. Uchafu ukaingia katika dawa, na damu ya watoto ikaharibika. Kama watu wangalisema tu, Chanjo ya surua huua, wazazi wangaliikimbia, surua ingaliwaua wengine, na bomba chafu lingaliendelea na safari yake. Na kama wakubwa wangalisema tu, Chanjo haina neno, nyamazeni, mwisho ungalikuwa ule ule. Kuchunguza ndiko kulikoonyesha mahali pa kutengeneza.

Kwa sababu hiyo kila chupa ya dawa ina namba ya toleo lake, na chupa nyingi zina alama ya mraba ibadilikayo rangi kwa joto, ili mtoaji ajue kama dawa imekaa penye joto kupita kiasi. Mzazi anayo ruhusa kumwomba mtoaji amwonyeshe alama hiyo, na mtoaji mwema hataona ni matusi.

YATUPASAYO SISI

Zamani za Wamangi, neno lililompata mtoto kijijini lilipelekwa kwa mzee wa mtaa, likapanda hata barazani. Utawala huo ulikoma mwaka 1963, lakini haja ya neno kupanda haikukoma. Leo njia yake ni hii: mama humwambia mhudumu wa zahanati; mhudumu huandika katika fomu; fomu hupelekwa wilayani, kwa mratibu wa chanjo, na kutoka hapo mkoani na taifani. Jambo zito, kama kifo, au kulazwa hospitali, au watoto wengi kuugua pamoja, halingoji mwisho wa mwezi. Hutolewa habari mara moja. Chombo cha Serikali chenye wajibu wa kuangalia usalama wa dawa ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo mwaka 2019 ilishika mahali pa mamlaka ya chakula na dawa iliyoundwa mwaka 2003. Tena nchi nyingi hupeleka taarifa zao katika daftari moja kuu la dunia lililoko Uppsala, nchini Sweden, ili lisiloonekana katika nchi moja lipate kuonekana likiwekwa pamoja na la nchi nyingine.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wayashike mambo haya.

Kwanza, kadi ya kliniki itunzwe kama hati ya kihamba itunzwavyo. Mzee hutunza karatasi ya shamba miaka 40 ili wanawe wasije wakagombana juu ya mpaka. Kadi ya mtoto nayo ni ushahidi wa mpaka: mpaka kati ya siku za kabla na siku za baada. Tarehe ikipotea, hakuna daktari wala mtaalamu wa hesabu awezaye kumfanya mtoto yule ashuhudie kwa nafsi yake. Iwekwe penye ukavu, mbali na moshi na panya, nayo ifuatane na mtoto kila aendapo hospitali, hata kama ugonjwa wadhaniwa hauhusu chanjo.

Pili, wazazi wazijue dalili za utumbo kuziba, wawe wamewapa watoto matone au hawakuwapa. Mtoto aliyekuwa mzima hulia ghafula kwa uchungu, akiikunja miguu tumboni. Kisha hutulia kidogo, halafu kilio hurudi tena. Hutapika, na baadaye matapishi huwa ya kijani. Hulegea na kupauka. Choo chake huja na damu na makamasi, na tumbo huvimba. Mtoto wa namna hii asipewe dawa za majani, wala asikatwe kimeo, wala asilazwe nyumbani kungojea asubuhi. Apelekwe mara moja kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu, kama Machame, Kibosho au Kilema, na kutoka hapo apelekwe kwa haraka penye daktari wa kupasua, kama hospitali ya KCMC iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Kila saa inayopita humpunguzia nafasi ya kupona. Na kadi yake iende naye.

Tatu, walimu wawasaidie wazazi wasiojua kusoma. Mwalimu aweza kumwuliza mwanafunzi, Kadi ya mdogo wako iko wapi? na kumfundisha kuzisoma tarehe zake mbele ya mama yake. Ni somo la hesabu na la kusoma kwa pamoja, nalo halihitaji kitabu.

Nne, wenyeviti wa vijiji na wa vitongoji, na watendaji wao, wasiudharau uvumi wala wasiueneze. Mtu akija na habari ya kuwa mtoto ameugua baada ya kuchanjwa, aulizwe kwa upole: mtoto wa nani, alichanjwa tarehe gani, wapi, na aliugua lini? Majibu yapelekwe zahanati siku ile ile, na mtoto atibiwe. Mama aliyekaripiwa mara moja hatarudi mara ya pili kutoa habari, na taarifa yake, ambayo huenda ingalikuwa moja ya zile 15, itafia jikoni.

Mwisho, watoaji wa chanjo waandike tarehe kwa kalamu isiyofutika na kwa mwandiko usomekao, wasije wakasema, Nitajaza kesho.

Watoto wale 717 hawakujua ya kuwa walihesabiwa. Baadhi yao walipona, na wengine hawakupona. Lakini tarehe zilizoandikwa na wauguzi wa Moshi, wa Kumasi, wa Lusaka na wa Blantyre, na wa mahali pengine pengi pasipotajwa na mtu, zikatunzwa kliniki na majumbani, ndizo zinazompa mama wa leo jawabu la kweli anapouliza kama matone yale yaliwadhuru watoto waliotangulia.